Mkanda wa Kuvutia Kisigino

Lori la shamba la kahawa lilipinduka likiwa limepakia watu wima kama magunia, vile lilivyowapakia baba zao na babu zao. Mwenye shamba alituma mtu aje aangalie kahawa imemwagika kiasi gani. Waliomchomoa Nicolasa Xicay chini ya lori ni wachumaji wenzake. Waliomfikisha hospitali na kulala sakafuni hadi goti likafungwa vyuma, ni hao hao. Nicolasa hasahau hilo. La mwenye shamba pia hasahau.

Aliporudi nyumbani wakaendelea kumpenda. Mama mkwe wake, Eulogia, alilizungushia goti shali la sufu ili baridi isiingie mfupani, akamkataza kulikunja. Majirani wakamtekea maji, wakamsagia mahindi. Mshono ukapona, goti likawa gogo.

Na Nicolasa ni mfumaji. Kwao wanawake hufuma wamepiga magoti, nyuzi zimefungwa mtini, mkanda umezunguka kiuno. Asiyeweza kupiga magoti hubakiwa na kahawa, na kahawa ni lile lori.

Odilia, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka kliniki, alilifungua shali.

"Nani kalivisha goti sanda hii?"

"Mimi," Eulogia akasema. "Baridi ikiingia, utaitoa wewe?"

"Mama, kilichoingia ni kutu. Daktari alisema likunjwe mapema."

"Daktari hajui baridi ya huku."

"Basi shali libaki. Likunjwe ndani ya shali."

Eulogia akalirudisha shali gotini.

Odilia akauangua mkanda wa kufumia ukutani, akauzungusha kwenye kifundo cha mguu wa Nicolasa, akampa ncha zake. "Vuta kisigino kije kwako, polepole. Likichoma, legeza."

Nicolasa alivuta hadi jasho likamtoka. "Dada, wewe na mwenye shamba ni ndugu?"

"Tungekuwa ndugu ningekuja na gari. Vuta."

Tangu hapo Eulogia aliwarudisha majirani mlangoni na mitungi yao. "Asanteni, mama zangu, mmetufaa sana. Sasa atateka mwenyewe." Wengine walinuna.

Mvua zilipoanza, Nicolasa alipiga magoti mkekani, shali la sufu limekunjwa chini ya goti. Halikukunjika lote, ila lilitosha. Kitu cha kwanza kufuma kilikuwa mkanda mpana, mwekundu.

"Wa nani?" Eulogia akauliza.

"Wa Matías. Alikuwa nasi kwenye lori, na mkewe bado amemviringishia mguu blanketi."

Eulogia akainuka kutafuta viatu vyake. "Nitampelekea mimi. Huyo mwanamke atanisikia."