Kadi ya Lifti

Asubuhi ya kikao cha kuchagua programu, fundi wa lifti alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mikono bado inanuka grisi, akisubiri kuulizwa. Wenzake wa kitengo cha matengenezo walimwita Koleo, kwa kuwa mwanamke huyo akishika jambo haliachii. Hospitali nzima ilijua kwamba lifti yake, ile ya zamani yenye mlango wa nondo za kukunja, imelala tangu kapi la juu linalopitisha kamba lipasuke, na kwamba kapi jipya liko njiani. Ilijua pia kwamba mama yake amelazwa ghorofa ya chini, nyonga imevunjika, na chumba cha upasuaji kiko ghorofa ya nne.

Ukutani zilioneshwa programu mbili. Ya kwanza ni ile ambayo mafundi walikuwa nayo kwenye simu zao siku zote: unaandika kazi, ukimaliza unaweka tiki, basi. Ya pili ilikuwa na ubao wa safu nne, kadi zenye picha za watu, rangi, michoro ya takwimu, na mahali pa kutolea idhini.

"Hii ya kwanza inatutosha," Koleo alisema. "Kazi ikiwepo unaiona. Ikiisha unaitia tiki, unakwenda zako."

Mkurugenzi akakuna kidevu. "Sasa mimi nitaonekana wapi hapo?"

Hakuna aliyecheka, maana hakuwa anatania. Ikachaguliwa ya pili, watu wakapiga makofi, chai ikaletwa.

Kuanzia Jumatatu vitu vya hospitali vikawa vinafuata ubao. Balbu ya korido, ambayo kadi yake ilikuwa kwenye safu ya Inasubiri Idhini, ikawa haiwaki wala haizimiki. Ilitoa mwanga wa kuona mkono wako lakini si wa kusomea jina kwenye chupa ya dawa. Fundi umeme akabadilisha balbu, na mpya nayo ikawa vilevile. Bomba la wodi ya wazazi lilikuwa linavuja tangu zamani. Mtu aliifunga kadi ya bomba hilo kwa bahati mbaya, kama kazi iliyokwisha, likakauka bila kuguswa na spana. Mkurugenzi alifungua kadi ya kiyoyozi chake na kuifunga kabla hajaketi, chumba kikapoa. Wauguzi waliagizwa wautazame ubao kwanza kabla ya kubonyeza swichi yoyote. Watu wakazoea. Watu huzoea upesi mno, na hilo ndilo linalochefua.

Kapi likafika. Koleo alilifunga, akaipandisha lifti na kuishusha akiwa na sanduku lake la vyuma ndani, ikisimama kila ghorofa, kama alivyofanya siku zote kabla ya kuweka tiki. Ilisimama sawasawa kila mahali. Akamwambia muuguzi amlete mama.

Mama alikuja kwenye kitanda cha magurudumu, mkoba wake juu ya tumbo. Alikuwa ameuza vitambaa sokoni maisha yake yote, na maumivu hayakuwa yamempunguzia mdomo.

"Ndiyo gari lako hili?"

"Ndilo, mama."

"Linakoroma kama marehemu baba yako."

Msimamizi wa mradi wa ubao, kijana nadhifu aliyebeba tableti kifuani kama mtoto mchanga, akawasimamisha. "Dada Koleo, samahani. Kwenye ubao kazi hii haijaanza."

"Imekwisha. Nimeijaribu sasa hivi."

"Haiwezi kuisha kabla ya kuanza, dada yangu. Isogeze kwenye Inaendelea, uombe idhini. Mimi nikifika tu ofisini naipitisha. Mtangulize mgonjwa."

Huko juu daktari alikuwa ameshavaa glavu. Koleo akaisogeza kadi kwa kidole, akaacha alama ya grisi kwenye kioo. Kitanda kilijaza lifti yote, kwa hiyo muuguzi alitangulia kwa ngazi ili ampokee mgonjwa. Koleo akamwekea mama yake shuka vizuri, akakunjua mlango ukafungika, akabonyeza nne.

Lifti ikapanda. Ikapita ghorofa ya pili, ikapita ya tatu. Muuguzi aliyekuwa akisubiri ya nne aliiona ikimpita, na mgonjwa akampungia mkono. Ikaendelea kupanda huko ambako hakuna ghorofa tena. Baada ya muda ikatokeza kutoka chini, bado inapanda.

Koleo akazima umeme mkuu. Lifti ikapanda gizani. Akafungua hata kamba za chuma, na lifti haikuzihitaji.

Alimkuta msimamizi kwenye kikao cha matumizi ya rangi za kadi, na mlango aliufungua kwa teke.

"Bonyeza!"

Msimamizi akaitazama tableti, akasikitika kweli. Alieleza kwamba mgonjwa akiwa ndani ya lifti isiyokamilika, hilo ni tukio, na tukio lina kadi yake, nayo imeshafunguka yenyewe chini ya kadi ya lifti. Kadi ya juu haifungwi mpaka ya chini ifungwe. Ya chini ni ya mama, na itafungwa mama akifika.

"Na mama hafiki mpaka ya lifti ifungwe," Koleo alisema.

"Hapo sasa umeuelewa mfumo," msimamizi akasema, akashusha pumzi.

Mkurugenzi alimpokea vizuri na kumpa kiti. Hakukana kwamba yeye anaweza kufunga kadi yoyote.

"Ninaweza. Lakini nikifunga ya juu na ya chini iko wazi, takwimu zetu za mwezi zinachafuka. Tunagombea ngao, unajua."

"Yule ni mama yangu."

"Na sote tunamheshimu. Ndiyo maana kadi yake nimeipa nyekundu."

Chumba kilikuwa na baridi nzuri. Koleo alisimama ghafla hadi spana zikalia mfukoni. Akamwita mshenzi. Mkurugenzi akamwomba aiandike hiyo kwenye sehemu ya maoni, ili isipotee.

Aliiandika. Haikupotea. Iko pale hadi leo, na chini yake mtu ameweka alama ya dole gumba.

Tangu hapo mama akawa anapita. Wauguzi walijifunza kumrushia mkate kati ya nondo, na dawa za maumivu zilizofungwa kwenye kitambaa. Wagonjwa wengine wa upasuaji walibebwa mgongoni kwenye ngazi, na waliokuwa wazito walingoja. Nyonga ya mama ilianza kuunga yenyewe, upande. Kila jioni baada ya kazi Koleo alisimama kwenye mlango wa ghorofa ya tatu, wakaongea kwa muda ambao kitanda kilichukua kupita.

"Bado?" mama aliuliza.

"Bado, mama."

Safari nyingine: "Umekula?"

"Nimekula."

"Mwongo," mama alisema, na miguu yake ikapotea juu.

Ile programu ya zamani Koleo hakuifuta. Ilikuwa na mstari mmoja tu, Mama ashuke, na aliutia tiki tena na tena hadi kioo cha simu kikapasuka. Lakini vitu havikuwa vinafuata simu ya fundi.

Mwezi ulipoisha, hospitali ikapata ngao ya utendaji bora. Ikaamuliwa itundikwe mahali pa kuonekana na wageni, ukuta wa ghorofa ya chini unaotazamana na lifti. Ikafunguliwa kadi, ikabandikwa picha ya Koleo, maana yeye ndiye mwenye mkono wa kutoboa ukuta bila kuupasua. Mkurugenzi na msimamizi walisimama nyuma yake wakimwelekeza, kushoto kidogo, juu kidogo.

Koleo akatoboa, akakaza skrubu, akaitundika. Hata drili hajaiweka chini, tableti ikalia, na mkurugenzi akasema imekamilika. Wakasogea wapigwe picha.

Lifti ikatokeza kutoka chini. Mama alikuwa amekonda, mkoba bado uko tumboni. Akaiangalia ngao, akaiangalia drili mkononi mwa mwanawe.

"Hiyo mbona imeisha upesi hivyo?"

"Hiyo ni ya kwao, mama," Koleo alisema, lakini kitanda kilikuwa kimeshapita.