Mbwa Aliyekaa Siku Tatu Bila Jina

Mbwa mwenyewe aliletwa na Bundala siku ya Alhamisi, ndani ya kikapu, amefunikwa kitambaa kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Bundala alikuwa Msukuma aliyehamia na ng'ombe zake upande wa bondeni miaka sita nyuma, na wengi kijijini walimsalimia kwa kutikisa kichwa tu, kwa sababu ya ng'ombe kuingia mashambani. Coleta alimsalimia kwa mikono miwili. Mwaka alioteleza mtoni akavunjika nyonga, ni mkokoteni wa Bundala uliompeleka hospitali Sumbawanga mjini, na Bundala mwenyewe alitangulia kwa miguu njia nzima, akiinama kuondoa mawe ili mgonjwa asitikiswe.

Coleta alimpa kibaba cha ulezi, maana mbwa aliyechukuliwa bure hurudi kwao. Kisha wakakubaliana Bundala arudi Jumapili baada ya misa, asikie jina. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya ukoo wa mume wake. Mbwa hukaa siku tatu akila makombo ya yeyote, na siku ya mwisho watu wazima wote wa nyumba hukaa pamoja na aliyemleta, wakalichagua jina. Hakuna aliyeruhusiwa kununa kwa siri. Jina la mbwa huitwa kwa sauti mlangoni asubuhi na jioni, na majirani hulisikia kama wanavyosikia kengele ya kanisa. Ndiyo maana watu wa pale waliwapa mbwa maneno waliyoshindwa kumwambia mtu usoni. Wa Flavian, jirani wa juu, aliitwa Hawachoki, na kila mtu alijua ni akina nani hao wasiochoka.

Safari hii watu wazima wa nyumba walikuwa watatu. Coleta, mume wake Nestory, na mtoto wao Amos, aliyekuwa amerudi kutoka Dar es Salaam.

Kijiji kizima kiliambiwa na Nestory kwamba Amos yuko likizo. Huo ulikuwa mwezi wa nne wa likizo. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi miaka kumi na mmoja kilikuwa kimepunguza watu, na Amos alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Alimwambia mama yake hayo usiku wa kwanza, kwa maneno machache, kama mtu anayetema mbegu. Baba yake aliambiwa pia, akasema tu kwamba mambo yatakaa sawa, na kesho yake akaenda kwenye jumuiya ya kanisa kutangaza likizo. Tangu hapo Amos hakutoka uani ila kwa lazima. Mtu gani anatembea kijijini akiwa amebeba uongo wa baba yake mgongoni?

Nestory hakuwa mtu mbaya. Coleta alimjua. Alikuwa mtu aliyewahi kuwa saisi, mtunza farasi, kule Nairobi enzi za gavana, na hakuwahi kushuka kabisa kutoka kwenye hadithi ile. Alikuwa na farasi wake, Sultani, mweusi, mwenye alama nyeupe kwenye paji. Alimsugua, alimlisha, alikesha naye bandani alipougua, na siku ya kombe kubwa Sultani aliwashinda farasi kumi na wanne, watu wakarusha kofia. Amos alilelewa kwa Sultani kama watoto wengine wanavyolelewa kwa sungura na fisi. Akishika namba ya tatu darasani, baba humwuliza, "Sultani alishika ngapi?"

Na wiki ile, kama vile shetani anafanya biashara, Nestory alikuwa amerudi kutoka mnada wa mitumba na shati lenye picha ya farasi anayekimbia. Alilivaa siku tatu mfululizo. Amos aliligusa pindo mara moja, akaliangalia mshono, akaliachia. Kiwandani kwao waliisema mitumba kama watu wanavyousema ugonjwa.

Siku ya Ijumaa Amos aliondoka uani kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na moyo wa Coleta ukafurahi. Aliporudi alikuwa peku. Alisema viatu vyake vya ngozi amempa Bundala. Jumamosi redio ikaenda kwa Beda, katekista. Jioni yake akamletea mama yake saa ya mkononi, akasema aitunze tu, na kwamba Jumatatu alfajiri angepanda lori la samaki liendalo Kasanga, akaombe kazi kwenye boti za mizigo za Kongo.

Coleta aliipokea saa ile akiwa na unga mikononi. Alizaa watoto saba na kuzika wawili, na alijua tofauti ya mtu anayefunga safari na mtu anayefungua vitu vyake kimoja kimoja na kuviacha. Alimfuata Nestory shambani, alikokuwa akifukia nyasi kwenye matuta, akamwambia mtoto anagawa vitu. Nestory alisema Amos ana moyo wa kutoa tangu utotoni.

"Baba Amos," alisema Coleta, "mtu anayekwenda kutafuta kazi haendi peku."

Nestory aliendelea kufukia nyasi. Lakini Coleta aliona kwamba alikuwa anafukia tuta lile lile mara ya pili.

Jumapili Bundala alifika mapema kuliko ilivyotarajiwa, akapita kwanza jikoni. Alikuwa na kifurushi cha gazeti. Alimwambia Coleta kwamba viatu vile vinambana, avirudishe taratibu, bila kumwudhi kijana. Coleta alimtazama miguu. Alikuwa amemwona tangu juzi akitembea navyo, na vilimkaa kama vilivyoshonwa kwa ajili yake. Bundala akatazama moto.

"Nilikuwa na mdogo wangu," alisema. "Yeye alianza kwa kugawa mbuzi."

 Coleta alivificha viatu chini ya kinu, akampa mgeni kigoda, na kwa muda walikaa tu pale wawili, wakisikiliza maharage yakichemka. Tangu Ijumaa alikuwa amebeba hofu ile peke yake. Sasa kuna mtu alikuwa ameishika upande wa pili.

Baadaye wote wanne wakakaa uani, upepo wa mwezi wa sita ukipuliza makapi ya ulezi miguuni mwao. Mtoto wa mbwa alilala katikati kama kesi. Coleta aliwapa pombe ya ulezi. Mazungumzo yalianza kwa mzaha, kama yanavyopaswa. Bundala alipendekeza mbwa aitwe Mkaribishe, ili watu wa kijiji wasalimie wageni kwa lazima. Coleta alicheka, akasema hata Hawachoki angebweka kwa aibu. Amos alitabasamu kidogo, na Coleta akalihesabu tabasamu lile.

Ndipo Nestory alipojikohoza, ndani ya shati lake la farasi.

"Mbwa huyu ni Sultani," alisema. "Nyumba hii inataka mshindi. Tukimwita kila siku, hata mikosi itasikia ikimbie."

 Bundala alizungusha kikombe chake. Amos alikuwa ameinama, akimkuna mbwa nyuma ya sikio.

"Baba," alisema bila kuinua uso, "na yule aliyekuwa wa mwisho siku ile, aliitwaje?"

"Wa mwisho hana jina. Nani anamkumbuka wa mwisho?"

Amos alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa jibu alilokuwa analijua. Akasimama. Alisema jina ni zuri, ameridhika, wasimhesabu tena, likizo yake imekwisha. Akaanza kwenda chumbani kwake.

Katika miaka thelathini na sita ya ndoa Coleta hakuwahi kumpinga mume wake mbele ya mgeni. Alilelewa hivyo, na aliwalea binti zake hivyo. Lakini kuna homa aliyomwuguza Nestory masika yaliyopita, malaria iliyompanda kichwani, na usiku kucha alikuwa akisema, simama mama, simama, wanakuja. Coleta alidhani anamwita marehemu mama yake. Baadaye alikumbuka kwamba mama mkwe alikufa kitandani, kwa utulivu, na Nestory alikuwapo, na hakuna aliyekuwa anakuja.

"Baba Amos," alisema, "mtoto ameuliza jina. Mjibu. Ulipougua, ulikuwa unamwambia nani asimame?"

Nestory alimgeukia mkewe kwa hasira, kisha hasira ikakosa pa kukaa.  Alionekana ghafla mzee sana, na shati lile lilionekana limevalishwa mtu mwingine. Amos alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye mwimo.

"Cheupe," alisema Nestory. "Kwenye karatasi za mbio alikuwa na jina la Kizungu refu, hata sikuwahi kulitamka vizuri. Sisi bandani tulimwita Cheupe."

Akasimulia, akiwa anamwangalia mbwa. Masaisi pale walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na farasi wake. Sultani alikuwa wa mtu mwingine, Mkamba mmoja. Nestory alimtunza Cheupe, jike la kijivu lenye woga, lililokataa kula mpaka limwone. Siku ya kombe kubwa, kwenye kona ya mwisho, huku Sultani akishangiliwa mbele, Cheupe alianguka nyuma kabisa, mguu ukavunjika. Nestory alivuka uzio akamshika hatamu. Alimwambia asimame, maana alijua farasi asiyesimama atafanywaje, na tayari aliwaona wakija na turubai la kumzungushia na bunduki. Aliambiwa aachie. Hakuachia. Walipiga risasi akiwa ameshika.

Kesho yake bwana mwenye farasi alimwambia kwamba saisi asiye na farasi hana kazi. Hivyo tu. Akakaa Nairobi miezi mitano bila kazi, na katika barua zote za miezi ile alimwandikia baba yake habari za Sultani. Aliporudi Ufipa, barua zilikuwa zimeshamtangulia. Watu walimpokea kama mshindi, naye akashindwa kuwaambia wapunguze vigelegele.

Coleta alisikiliza akiwa amekaa wima. Baba yake mwenyewe alimwoza kwa kijana yule kwa sababu alipendezwa na habari za kombe. Kuna kitu kilimchoma kifuani, kidogo na chenye ncha, akakiweka kando. Cha kwake kingesubiri. Alikuwa anautazama mkono wa Amos pale kwenye mwimo.

"Miezi hiyo mitano," alisema Amos, "mchana ulikuwa unafanya nini?"

"Natembea. Asubuhi nilitoka na wenzangu kama mtu anayekwenda kazini. Nilikuwa na njia yangu, nikiifuata mpaka saa kumi."

"Mimi nilikuwa nakaa stesheni ya treni," alisema Amos. "Kwenye benchi. Wiki saba. Nguo nilizipiga pasi kila siku."

"Na ulikuwa unakula nini?"

"Na wewe ulikuwa unakula nini?"

"Kulikuwa na mama mmoja anauza uji," alisema Nestory. "Alinipa kila asubuhi. Hakuniuliza kitu hata siku moja. Sikumjua jina, nami sikumuaga." Hapo akajifuta uso kwa pindo la shati, na Bundala akasimama, akasema anakwenda kutazama ng'ombe wake, ambao hawakuwa wametoka zizini.

Amos hakurudi kukaa nao. Aliingia chumbani. Hakusema atakwenda wala hatakwenda, na jina la mbwa halikuchaguliwa siku ile, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ukoo ule.

Jumatatu kabla ya jua Coleta alikuwa amesimama jikoni, mlango wazi, baridi ikimkata vifundo. Alisikia lori la samaki likipanda kilima, likipiga honi mara mbili njia panda kuita abiria. Alikuwa amejiapiza hatazuia mlango. Mtu mzima hafungwi kamba. Lakini mkono wake ulikuwa umeshika mwimo, na Nestory, aliyekuwa amejifunika blanketi kwenye kigoda, alikuwa amenyoosha mguu wake kukatiza njia ya chumba cha Amos, kama mtu aliyejisahau tu.

Honi ikapigwa mara ya tatu. Ndani, kitanda kililia.  Lori likabadili gia, likaondoka, na mlio wake ukasikika muda mrefu kwa sababu nchi ile ni ya nyasi na ina uwazi.

Kulipopambazuka Amos alitoka, macho mekundu, akaomba uji. Aliumwaga nusu kwenye kifuu, akauweka chini, akaita, "Cheupe." Mbwa alikuwa wa kahawia mwili mzima. Alikuja hata hivyo. Flavian, aliyekuwa anapita na jembe, akacheka, akauliza tangu lini kahawia inaitwa cheupe, na huyo Cheupe ni nani.

Nestory alisimama, akaliweka blanketi begani.

"Farasi wangu," alisema. "Alikuwa wa mwisho." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayebeba mzigo mzito kutoka chini, "Na huyu mwanangu hayuko likizo, Flavian. Amepunguzwa kazi. Yuko nyumbani."

Amos hakuinua kichwa, lakini hakuingia ndani. Coleta akarudi jikoni, akaongeza kiganja cha unga kwenye chungu. Lori lingine lingepita Alhamisi. Alizihesabu siku kwa vidole, Jumanne, Jumatano, akaenda kumwomba Amos amsaidie kupura ulezi.