Gari Lisilonguruma

"Shemeji, hivi Raymundi anazikwa kama mtu asiye na mtani?"

Getruda, mjane wa Raymundi, alikuwa amesimama mbele ya Abasi, khanga zimemkaa ovyo, sauti imemkauka kwa siku mbili za kulia. Abasi aliinua uso. Alikuwa amekaa benchi la mwisho chini ya turubai, kofia yake mapajani, karibu na mlango wa banda la kuku. Tangu alipofika kijijini Ntalikwa jana alikuwa amechota maji, amepasua kuni, amewaonyesha wageni pa kuegesha pikipiki. Kazi zote za msibani alizifanya isipokuwa moja, na hiyo moja ndiyo iliyokuwa yake.

"Sijisikii vizuri, shemeji," alisema.

"Hata mimi sijisikii vizuri. Nimefiwa." Akavuta pumzi. "Sikuombi mengi. Nataka nicheke mara moja tu kabla hawajamfukia. Yule mtu aliishi kwa kucheka, leo watu wanamlilia kimyakimya kama aliyekufa kwa aibu. Saa nane jeneza linatoka. Usiponifanyia wewe, atanifanyia nani?"

Akaondoka bila kungoja jibu.

Abasi ni Mzaramo, na Raymundi alikuwa Mnyamwezi. Zamani mababu wa Raymundi walipita Uzaramo na pembe za ndovu mabegani, safari ya miezi, na huko njiani wakazoeana na wenyeji kwa kutaniana hadi utani ukawa ujamaa. Misafara ilikwisha, utani haukwisha. Msibani mtani ndiye mwenye ruhusa: huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake, hulizuia jeneza njiani, na hakuna wa kumkasirikia. Abasi mwenyewe alizaliwa Tabora, babu yake aliletwa na kazi ya reli, na bahari hakuwahi kuiona ila kwenye kalenda. Lakini Raymundi hakujali hilo. Kwa miaka ishirini na miwili, kila asubuhi alipoingia gereji yao mtaa wa Ng'ambo, Tabora mjini, alimwita, "Mvivu wa pwani, umeamka?" Na Abasi alimjibu, "Nimeamka, mpagazi wangu, njoo ubebe mzigo."

Abasi alikuwa fundi wa kunyoosha bodi. Raymundi alipuliza rangi. Gari lililogongwa lilipita kwanza mikononi mwa Abasi, nyundo na mbao, halafu likaenda kwa Raymundi likatoka linang'aa. Kazi ya Abasi ilikuwa kazi ya sikio pia. Aligonga bodi kwa kifundo cha kidole akasikiliza: bati tupu hulia, bati lililojazwa puti, ule ujiuji mgumu wa kuziba mibonyeo, hunyamaza. Hakuna aliyeweza kumficha ajali ya zamani.

Na katikati ya kazi, walibishana. Walibishana juu ya magari ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuyaona kwa macho, na ambayo kwa mchanga wa Tabora yasingefika hata sokoni. Abasi alikuwa mtu wa Ferrari. Ukutani alibandika picha yake, nyekundu, imefifia hadi kuwa ya waridi. Raymundi alikuwa mtu wa Rimac, gari la umeme la huko Kroatia, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2009 wakati wao wawili tayari wanaota mvi.

"Mtoto mdogo huyo," Abasi alisema. "Ferrari wanashinda mbio tangu baba yako hajamtongoza mama yako. Jina hilo halikuja kwa betri."

"Jina halikimbii, mtani. Linalokimbia ni gari." Raymundi alimsogezea simu yenye kioo kilichopasuka, video imesimama tayari mahali pake. "Mota nne, kila tairi na yake. Kutoka kusimama hadi kilomita mia kwa saa, sekunde mbili hazitimii. Wewe hapo hujamaliza hata bismillahi. Na hao wazee wako, kwa nini siku hizi na wao wanatia betri?"

"Mzee akiongeza miwani si kwamba amekuwa kipofu. Na hilo lako halina sauti! Gari gani bubu? Gari ni kunguruma."

Hapo Abasi alinguruma. Kunguruma kwake kulijulikana mtaa mzima. Alianzia tumboni, akapandisha gia kwa koo, hadi akina mama wa vitumbua ng'ambo ya barabara wakapiga makofi. Zamu ya Raymundi ilipofika, alikaa juu ya kopo la rangi lililopinduliwa, akashika usukani mkuukuu waliouokota kwenye chuma chakavu, akafumba mdomo. Kimya. Shingo tu ilirudi nyuma kidogo, kama mtu aliyesukumwa.

Abasi aliuliza, "Limewaka?"

Na Raymundi akajibu, "Limeshafika."

Kila mara watu walicheka. Kila mara Abasi alikataa kushindwa.

Lakini sababu hasa ya Raymundi kulipenda lile gari haikuwa mwendo. Aliisema siku moja ya mvua, kazi imesimama. Yule mwenye kampuni, alisema, alikuwa kijana mwenye gari kuukuu tu, injini ikamfia mashindanoni. Hakulitupa. Akaling'oa injini, akalitia mota ya umeme, kwenye gereji, kwa mikono yake. "Unaona, mtani? Fundi wa uchochoroni kama sisi. Hao wengine walizikuta kampuni zina majina. Huyu alianza na gari lililokufa." Abasi aliinamia sanduku lake la nyundo. Neno hilo lilimgusa, naye hakutaka ionekane.

Sasa alikaa kwenye benchi la msiba akiyatafuta maneno ya kuchekesha, na kila alipoyatafuta alikuta barakoa.

Ilikuwa miaka sita iliyopita. Raymundi, ambaye siku zote alipuliza rangi akiwa amejifunga usoni kipande cha khanga ya Getruda, alikuja na barakoa ya kweli, ya mpira, yenye vichujio viwili vya duara mashavuni. Akaivaa. Abasi alipomwona aliangusha nyundo. "Jamani, ngiri kaingia gereji! Mkimbilieni, atakula karanga zetu!" Alimfukuza kwa fagio kuzunguka Noah nyeupe, mtaa wote ukatoka kutazama, na Raymundi mwenyewe akacheka hadi akakaa chini. Akaivua ile barakoa akaitundika msumarini. Kila alipoinyoshea mkono, mtu alikoroma kama ngiri. Wiki ya pili hakuinyoshea tena. Akarudi kwenye khanga yake, na ile barakoa ikabaki ukutani hadi mpira wake ukapasuka.

Mwaka jana Raymundi akaanza kukohoa. Mwaka huu daktari akaonyesha picha ya mapafu, akauliza, marehemu mtarajiwa akiwa bado hai kitandani, kama huko kazini huwa anavaa kinga. Abasi ndiye aliyekuwa amekaa pembeni. Abasi ndiye aliyelisikia lile swali, na akatazama sakafu.

Siku ya mwisho walipoonana ilikuwa alasiri. Raymundi alikuwa na mpira wa hewa puani. Alizungumza kwa vipande.

"Mtani. Kubali tu. Nani mkali?"

"Ferrari," Abasi alisema.

"Hata leo?"

"Hata kesho. Ukipona, uje gereji tumalizie."

Raymundi alitabasamu, akageuza uso kwenye ukuta. Abasi alikuwa tayari kukubali. Alikuwa tayari tangu ile siku ya mvua. Ila aliogopa. Aliona akikubali, rafiki yake atajua ameagwa. Kwa hiyo akalishikilia lile neno, akaenda nalo nyumbani, na kesho yake asubuhi simu ya Getruda ikalia kabla hajavaa viatu.

"Mtani wetu." Mzee Anselm, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa amemsogelea na fimbo yake. "Katekista anakaribia kumaliza."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kijana, tunakungoja wewe."

Abasi akainuka. Alimkuta Getruda nyuma ya nyumba, akiwa amekaa kwenye kinu kilicholazwa.

"Shemeji, siwezi. Ni utani wangu uliomvua ile barakoa. Mdomo huu huu. Sasa niufungue tena juu ya jeneza lake?"

Getruda alitikisa kichwa. "Unadhani sijui? Alikuja nyumbani siku ile akanihadithia. Akanionyesha alivyokimbia. Nilicheka mpaka ugali ukaungua." Akajifuta pua kwa pindo la khanga. "Na mimi sikumwambia aivae. Nilikuwa naye kila siku, na mimi sikumwambia. Basi tukae wote wawili tumenyamaza? Yeye atafaidi nini?"

Akaingia ndani, akatoka na ovaroli ya Raymundi. Ilikuwa ngumu kwa rangi: nyeupe ya Noah, buluu ya basi la shule, kijani ya trekta la mtu wa Igunga. Juu yake aliweka kile kipande cha khanga na ule usukani mkuukuu, ambao Raymundi aliuchukua nyumbani alipoacha kazi.

Jeneza lilitoka saa nane na nusu, limebebwa na vijana sita wa kwaya. Lilipofika kwenye njia ya mashamba, kati ya matuta ya karanga, mtu alijitokeza mbele yao. Ovaroli ilikuwa fupi kwake, miguu imetokeza. Uso umefungwa khanga. Kwapani ana usukani.

"Simama! Mnakwenda wapi na gari ambalo halijakaguliwa?"

Mwanamke mmoja aliguna. Mwingine akasema kwa Kinyamwezi kwamba afadhali, amekuja. Katekista Benjamini akafunga kitabu chake, akasogea pembeni kama mtu anayejua kwamba hapa si zamu yake.

"Mpagazi huyu," Abasi alisema, "mababu zake walibeba mizigo yote ya nchi hii hadi pwani kwa miguu. Yeye leo eti anabebwa! Na watu sita! Uvivu huu kaupata wapi, kama si kwangu?"

Wakacheka. Kicheko kilianza nyuma, kwa mafundi wa Ng'ambo, kikaja mbele. Abasi akalizunguka jeneza akitikisa kichwa, akapitisha kiganja juu ya mbao za mninga, akalalamika kwamba varnishi imepigwa na mtu aliyefumba macho. "Marehemu angewafukuza kazi nyote. Ngoja nione kama hamkuficha puti." Akakunja kidole akagonga.

Aligonga upande wa miguu, mbao ikalia. Akagonga katikati. Ilinyamaza, kama bati lenye kitu nyuma yake.

Sikio lake lilifanya kazi yake bila kumwomba ruhusa. Mkono ukabaki pale juu. Watu walicheka bado, wakidhani ni mchezo, halafu wakaona mkono haushuki, kicheko kikapungua kimoja kimoja. Mzee Anselm akakohoa. Vijana wa kwaya wakabadilisha mabega, wakampita taratibu, na Abasi akawafuata hadi kaburini.

Walipolishusha, watu walimgeukia. Wale wa Ng'ambo walijua kinachofuata. "Lingurumishe, Abasi," mmoja alinong'ona. Hata watu wa Ntalikwa walikuwa wamesikia habari za ile Ferrari. Abasi akashika usukani kwa mikono miwili. Akavuta pumzi hadi ovaroli ikambana kifuani.

Kisha akafumba mdomo.

Shingo ikarudi nyuma kidogo. Akaanza kulizunguka kaburi, hatua fupi fupi, viatu vyake havisikiki kwenye mchanga. Alikata kona ya kichwani. Alikata kona ya miguuni. Hakuna aliyecheka. Wengi hawakuelewa, mafundi walielewa, na mmoja wao alivua kofia akaiuma. Machozi yaliilowesha ile khanga usoni pa Abasi ikamganda mdomoni, naye akaendelea kuendesha, akasimama mbele ya Getruda.

Getruda alimtazama, yeye na zile rangi zote.

"Limewaka, shemeji?" aliuliza.

Abasi aliivuta ile khanga ikashuka kidevuni. Akageukia shimoni.

"Limeshafika, mtani," alisema. "Limeshafika."

Getruda akacheka. Kilikuwa kicheko kimoja, kikubwa, cha kweli, kikamkatikia katikati, na dada zake wakamdaka kabla hajaanguka. Mzee Anselm akatoa ishara. Wanaume wakachukua makoleo, mchanga ukaanza kushuka.

Mtu mmoja alimpa Abasi koleo, ili na yeye afukie. Hakulipokea. Alibaki pale pale ukingoni, usukani ameushika kwa mikono yote miwili, ameunyoosha kama dereva aliyemaliza kuegesha gari.