Muuza Magodoro na Injini ya Mashindano

Shemeji yangu, mume wa dada, huuza magodoro. Sina neno na magodoro. Kila mtu hulala. Ila tangu aliponunua ile pikipiki alianza kutembea kama mtu anayesubiriwa na wapiga picha. Jumamosi moja asubuhi aliingia gerejini kwangu na suti ya ngozi iliyombana kitambi, magotini imeshonewa vipande vigumu vya kuburuza kwenye lami anapolala kwenye kona. Vilikuwa vinang'aa. Havijawahi kugusa hata vumbi.

"Shemeji, nataka uirudishe ilivyokuwa," alisema, akilipigapiga tangi la pikipiki.

"Ilivyokuwa lini?"

"Ilipokuwa ya mashindano! Injini hii ni ya mbio, silinda nne. Wenye kiwanda wameihasi, wakampa mzee wa kwenda sokoni."

Nikaweka spana chini. Ni kweli, injini ile ilianzia kwenye pikipiki ya mbio. Lakini wahandisi waliipanga upya ivute vizuri hata kwenye mwendo wa pole, wakaiwekea usukani mpana wa juu, mtu akae wima, mgongo usimuume. Hiyo ni kazi ya watu wenye akili. Niliipanda mara moja tu kujaribu breki, nikatamani barabara isiishe. Yeye alitaka usukani mfupi wa chini, alale juu ya tangi kama mjusi ukutani.

"Sifanyi," nikamwambia. "Utaiharibu."

"Sema tu huna ujuzi."

Akaifanya mwenyewe kwa kufuata video kwenye simu. Waya wa mafuta, ule unaovutwa kuongeza mwendo, akaupitisha vibaya: kila usukani ulipokatwa kushoto hadi mwisho, waya ulivutika na injini ikaongeza kasi yenyewe. Fundi wa wiki mbili angeligundua hilo kabla hajanawa mikono. Yeye alikuwa anajipiga picha.

Jumatatu mchana akawaita wafanyakazi wenzake watoke nje ya duka wamtazame. Akazunguka mara moja, taratibu, kidevu juu. Mara ya pili akakata kushoto sana. Pikipiki ikanguruma, ikaruka, ikambwaga kwenye rundo la magodoro yaliyopangwa nje, yenyewe ikaenda kulala ubavu mtaroni.

Nilipofika kuichukua, alikuwa ameketi juu ya godoro la watu wawili, helmeti kichwani, mzima kabisa, anawaeleza watu: "Hizi injini za mbio zina wazimu wake. Si kila mtu anaziweza."

Walikuwa wanaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Nilicheka peke yangu, kwa sauti, hadi meneja akanitazama vibaya.

Siku iliyofuata dada alikuja gerejini akiwa bado na sare yake ya ukunga. Aliendesha pikipiki ya zahanati miaka sita, mpaka ilipokufa.

"Irudishie usukani wake," alisema. "Nitaipanda mimi. Yeye amekubali."

"Amekubali, au ameogopa?"

Alikaa kwenye kibao akanitazama nikirudisha usukani na kunyoosha waya.

"Unamdharau sana mume wangu," alisema baadaye.

"Sana."

"Najua. Hata yeye anajua. Ndiyo maana kila akinunua kitu anakuletea wewe kwanza." Akainuka, akashika usukani kuupima mikononi. "Aliyeolewa naye ni mimi, si wewe. Kaza hiyo nati."

Nikaikaza. Nikawasha, nikakata usukani kushoto hadi mwisho; injini ikatulia.

Dada akapanda, akaketi wima, akaondoka bila kelele. Kilima cha kwenda zahanati ni kikali, pikipiki nyingi hukipanda zikilia. Nilisimama mlangoni nikisikiliza. Alikipanda kwa gia ya tatu, mwendo ule ule, mpaka akapotea kwenye kona ya juu.