Chupa ya Natalina

Vita vilikuwa vimefunga barabara ya Nimule iliyoleta bidhaa kutoka Uganda na dawa zilikuwa adimu Juba, hata hivyo Daktari Jada aliahirisha upasuaji wa Natalina kwa mara ya pili.

"Mkojo wake una usaha," alimwambia mumewe, Lagu. "Amalize dawa hizi, kisha niletee mkojo mwingine."

Lagu hakumwamini. Tundu dogo tu mgongoni, jiwe la figo litoke. Usaha unahusika vipi? Tena anayeuza dawa pale langoni mwa hospitali ni shemeji yake daktari. Na huko mtaa wa Malakia watu walisema waliopasuliwa kwa tundu dogo walirudi nyumbani na figo moja.

Natalina asingekubali kuonekana njiani na chupa ya mkojo. Mwanamke wa mtaa wa Kator habebi aibu yake mkononi. Kila mara mumewe ndiye aliyeipeleka, ameificha ndani ya koti. Safari hii Lagu alimwaga mkojo wa mkewe nyuma ya choo, akajaza wake. Yeye hakuwa na ugonjwa wowote. Jada akisema una usaha, uongo wake utakuwa umekamatwa.

Siku ya majibu walikwenda wote wawili. Jada alitabasamu.

"Safi kabisa, mzee. Kesho tunatoa jiwe."

Natalina akamshukuru Mungu. Lagu hakuketi.

"Na kama mkojo ungekuwa mchafu?"

"Tunasukuma maji ndani ya figo ili tulione jiwe. Maji hayo yangeingiza uchafu kwenye damu. Tundu liwe dogo namna gani, angeweza kufa."

Lagu alimtazama mkewe, kisha sakafu. "Mkojo huo ni wangu."

"Baba Susan!" Natalina aligonganisha viganja. "Kalas, imetosha! Kesho wakupasue wewe!"

Jada hakucheka. Alimwita muuguzi Teresina, akampa chupa tupu. "Kuanzia leo mgonjwa anakojoa hapa hapa, na wewe unapokea chupa. Si mume, si shemeji."

Mkojo wa Natalina ulikuwa na usaha bado. Dawa ikabadilishwa, upasuaji ukangoja mpaka ulipokuwa safi.

Hatimaye Jada alimkabidhi Lagu jiwe ndani ya kikopo. Mzee aliligeuza kwenye mwanga wa dirisha, akamwangalia mkewe aliyekuwa akinywa chai.

"Asante, daktari. Na figo zimebaki ngapi?"

"Mbili, mzee."

"Nionyeshe kwenye picha."

Jada akatoka kwenda kuwasha jenereta ya mashine ya picha.