Haya ya Refa

Gulamhussein Manji alikuwa na ugonjwa wa neno moja, na neno lenyewe lilikuwa "haya". Mteja akiomba kupunguziwa bei ya kanga, alijibu haya, akimaanisha nimekusikia, niache kwanza nifikirie. Mteja naye alikunja kanga yake akijua kapunguziwa. Fundi akimwambia bati la duka linavuja, haya. Jirani akimwomba ngazi, haya, na ngazi ikaondoka kabla hajasema kama anaitoa. Mkewe, Noorbanu, alishamwonya kwamba iko siku haya yake itamtokea puani.

Mwaka huo wa sabini na tano nyumba yao ilikuwa na jambo zito kuliko bati. Kaka yake Gulamhussein alikuwa amehamia Kanada na familia yake, na alikuwa anangoja jibu: mnakuja au hamji? Noorbanu alitaka jibu litoke. Gulamhussein alizaliwa Singida mjini, baba yake alizikwa Singida, na vumbi la Singida alilimeza kuliko chai. Kila wakiongea alisema lile lile, kwamba hapa ni kwetu.

"Baba Shirin," Noorbanu alimwambia asubuhi ya Saba Saba, akimpigia pasi kaptura yake nyeusi, "wewe unasema hapa ni kwetu. Nani mwingine anasema hivyo?"

"Watu wananiheshimu."

"Heshima hata mgeni anapewa. Hapa mtu akiwa wa kwao, wanamtania. Muuza kuku na muuza vitunguu wakikutana sokoni wanataniana mpaka machozi yawatoke kwa kucheka. Wewe umekulia hapa. Nani amewahi kukutania hata mara moja?"

Gulamhussein aliivaa kaptura ikiwa bado ya moto. Alitia filimbi mfukoni, akapanda baiskeli kuelekea Unyambwa, na swali la mkewe likapanda naye.

Siku hiyo ilikuwa fainali ya kombe la vijiji, Unyambwa na Ihanja, na mshindi angeondoka na dume la ng'ombe lililofungwa nyuma ya goli, likitafuna bila kujali linagombewa na nani. Gulamhussein alijifunza kuchezesha mpira tangu shuleni. Kwa kuwa hakuwa wa kijiji chochote, vijiji vyote vilimkubali awe refa. Hilo nalo, akilifikiria sana, lilimuuma: alifaa kushika filimbi kwa sababu hakuwa wa mtu.

Mpira ulikuwa mtamu. Upepo wa Julai ulipeperusha vumbi na kanga za akina mama, watu wa Ihanja waliofika kwa lori wakaimba mpaka sauti zikakauka, na mpaka dakika za mwisho timu zilikuwa sare, bao moja kwa moja. Ndipo beki wa Unyambwa alipomkwatua mtu karibu kabisa na boksi. Gulamhussein akapuliza, akaonyesha mahali. Mpira wa adhabu, wa Ihanja.

Kwenye mipira kama hiyo sheria haina ugumu. Timu iliyochezewa vibaya inaruhusiwa kupiga haraka, bila kungoja filimbi, adui wakiwa bado hawajajipanga. Lakini mpigaji akiomba ukuta urudishwe nyuma yadi kumi, haraka imekwisha. Atangoja refa apime, apulize, ndipo apige. Ni moja kati ya mawili.

Kapteni wa Ihanja, kijana mrefu aitwaye Paskali, aliweka mpira chini, akatazama mabeki waliosimama puani kwake.

"Refa," alisema, "hawa wako karibu mno."

"Haya," alisema Gulamhussein, akageuka kwenda kuwarudisha.

Zefania, golikipa wa Unyambwa, alisikia haya hiyo. Aliielewa kama alivyoielewa refa mwenyewe: sawa, ngojeni nipime. Akaacha goli lake, akashika mlingoti wa kulia ili aupange ukuta. Paskali naye aliisikia. Kwake ilikuwa na maana moja tu: sawa, usilalamike, piga. Akapiga. Mpira uliingia goli tupu, ukatulia kwenye miguu ya lile dume.

Nusu ya uwanja ililipuka kwa shangwe na nusu kwa hasira.

"Tulikuwa tunangoja filimbi," alisema Zefania, amemjia mbio. "Wewe mwenyewe ulisema haya."

"Na mimi nakwambia hivyo hivyo," alisema Paskali. "Alisema haya. Haya maana yake nini kama si piga?"

"Maana yake ngoja."

"Mama yako akikwambia haya kula, unangoja?"

Ubishi ukaruka kutoka kwa wachezaji ukaingia kwa watazamaji. Wazee kwa vijana walishikana mikono ya mashati wakibishania neno ambalo wote walilitumia tangu wanajifunza kuongea. Katikati yao refa alisimama na filimbi yake.

Njia ya kutokea ilikuwepo, tena nyepesi. Waliosikia walikuwa wachache. Angeweza kusema nilitamka ngoja, au sikutamka kitu, na nani angemkatalia mwenye filimbi? Akilikubali goli, Unyambwa wangesema Mhindi katuuza, nao ndio waliokuwa wakinunua dukani kwake kila siku. Akilikataa, Ihanja wangesema hayo hayo, tena wayapeleke mbali kwa lori. Vyovyote vile, alijua usiku huo Noorbanu angeanza kufunga mizigo, na yeye hangekuwa na neno la kumzuia. Iliuma sana, kwa sababu alikipenda kile kiwanja chenye kokoto kuliko alivyoweza kumweleza mtu.

Akapiga moyo konde, akainua mkono mpaka kelele zikapungua.

"Paskali hajakosea," alisema kwa sauti. "Zefania hajakosea. Mimi ndiye niliyesema haya, na mdomoni mwangu ilikuwa ngoja. Nilikuwa nakwenda kupima. Goli silihesabu, na kosa ni langu, msimlaumu mchezaji yeyote. Paskali, utapiga tena. Safari hii ngoja filimbi."

Watu wa Ihanja walizomea. Gulamhussein alipima yadi kumi, akapuliza. Paskali akapiga kwa hasira, mpira ukapita juu ya mwamba wa goli, na muda mfupi baadaye mechi ikaisha sare.

Alikuwa anafungua baiskeli yake alipomwona mzee Chrispin, mkubwa wa timu ya Ihanja, akija na wachezaji wake wote nyuma, na wale wa Unyambwa wakifuata. Akaiegemeza baiskeli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fainali itarudiwa Jumapili, kwetu Ihanja. Tumekaa na wenzetu wa Unyambwa kuzungumza habari za refa." Mzee alimtazama kwa sura ngumu. "Mtu aliyetunyima goli mbele ya macho yetu, halafu akajilaumu mwenyewe, hatuwezi kumwacha. Tunakutaka wewe."

Gulamhussein alimpa mzee mkono.

"Haya," alisema.

Mzee Chrispin hakucheka. Aliwageukia vijana wake. "Jamani, haya ipi hiyo? Ya kupiga au ya kungoja?"

"Mpimie yadi kumi kwanza, mzee," alisema Paskali, "asije akafunga goli."

Wakaangua kicheko, Ihanja na Unyambwa pamoja, na Zefania akadakia kwamba sasa anajua kwa nini kanga za dukani kwa Manji hazina bei. Gulamhussein alicheka mpaka akashika baiskeli asianguke. Macho yalimlowa, naye hakuyafuta. Njia nzima ya kurudi mjini, kila aliyempita alimwamkia, "Haya, refa," naye aliitikia, "Haya."

Noorbanu alimkuta mlangoni akiwa amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Vipi?"

"Wamenitania," alisema Gulamhussein, akamsimulia yote, hata kuhusu kanga.

Noorbanu alisikiliza, akacheka kidogo, halafu akatazama barabara. Nyumbani waliongea Kikachi, lugha ya mababu zao waliotoka India, lakini neno lililomtoka lilikuwa la Kiswahili.

"Haya," alisema.

Mumewe alimsogelea. "Haya ipi, Mama Shirin?"

"Ya kukaa," alisema Noorbanu, akaingia ndani kumwekea maji ya kuoga.