Kengele ya Tawi la Tisa

Siku walipokuja kubandika kibao kipya, Matroni alitoka na kiti chake, akakiweka katikati ya lango la hospitali, akakaa. Hakuwa na shughuli yoyote pale langoni. Alitaka tu wale vijana wenye ngazi wamzunguke, na kweli wakamzunguka, wakisema "samahani, mama" kila walipopita. Kibao cha zamani, chenye jina la hospitali lililoandikwa kwa mkono, kikateremshwa. Kipya kikapanda, cha buluu, kina herufi nyeupe, na chini kabisa kimeandikwa Tawi la Tisa.

"Tawi!" akasema Matroni. "Miaka yote hii nilidhani nafanya kazi hospitalini, kumbe niko juu ya mti kama tumbili."

Fundi wa maabara, ambaye kila mtu alimwita Bwana Tone kwa sababu ya kazi yake na pia kwa sababu ya umbo lake, alicheka mpaka akashika ukuta. Matroni alipomgeukia, kicheko kikakatika. Huyo Matroni mwenyewe alikuwa na jina lake la kisirisiri, Jemedari, na hata madaktari walifunga vifungo vya makoti walipomsikia anakuja.

Mtandao wa hospitali uliokuwa umewameza nao ulikuwa na jina mtaani. Waliuita Chatu. Ulianza na hospitali mbili tu, ile kubwa ya mjini na ile ya wafanyakazi wa reli, zilizoungana kwa sababu moja ilikuwa na majengo bila madaktari na nyingine madaktari bila majengo. Kisha ikaingia ya watawa, ikaingia ya kiwandani, zikaingia na nyingine, ikaingia ya kule mlimani. Kila moja iliapa kuwa haiingii ng'o, na kila moja ikaingia. Sasa ilikuwa zamu ya hospitali ndogo ya Matroni.

Kilichomkera zaidi hakikuwa kibao. Ilikuwa kengele. Uani, kwenye nguzo ya chuma, ilining'inia rimu kuukuu ya lori, na kando yake nondo fupi. Mgonjwa akihitaji damu, Matroni alikuwa akiishika ile nondo na kuigonga rimu mfululizo bila kupumzika, na mtaa mzima ulijua maana yake. Muuza nyanya aliiacha meza yake, mwashi alishuka kwenye ukuta na saruji mikononi, fundi cherehani alikuja na futi yake shingoni. Walipanga foleni mlangoni kwa Bwana Tone wakiwa wameshakunja mikono ya mashati, wakitaniana nani ataanguka akiiona sindano. Hakuna aliyeitwa kwa jina. Kengele ilitosha.

Mkurugenzi wa mtandao alikuja mwenyewe kueleza utaratibu mpya, na haki ya Mungu alieleza kwa adabu. Kengele isigongwe tena. Damu itaombwa kwa simu kutoka makao makuu, kwenye ile hospitali kubwa ya mjini, na anayepiga ajitambulishe kwa namba ya tawi lake. Matroni akamjibu, "Tumesikia," kwa sauti ambayo waliomzoea walijua maana yake ni kinyume. Tangu siku hiyo, simu ilipolia na dada wa makao makuu akauliza, "Tawi la Tisa?", Matroni alijibu, "Umekosea namba, mwanangu," akakata.

Vituko hivi vingebaki vituko tu, watu wacheke yaishe, kama binti yake asingekuwa mjamzito.

Binti huyo ndiye mtoto wake pekee, na hii ilikuwa mimba yake ya kwanza. Alirithi damu ya marehemu baba yake, kundi O hasi, damu ambayo humfaa karibu kila mtu lakini yenyewe haipokei ila ya mwenzake. Daktari alishauri akajifungulie makao makuu, kwenye akiba ya damu hiyo. Mkwe naye akajaribu kusema neno.

"Mjukuu wangu azaliwe tumboni mwa Chatu, na mimi nipo hai?" akauliza Matroni. "Hapa mtaani wako wawili wenye damu hiyo, mwashi na fundi cherehani. Kengele haijawahi kuniangusha."

Mkwe akanywea. Binti akacheka, akasema, "Mwacheni mama na rimu yake." Basi ikapita.

Uchungu ulianza alfajiri, na kabla jua halijafika utosini mtoto akazaliwa, msichana, ana mapafu ya kuamsha mtaa. Matroni alimpokea kwa mikono yake. Alikuwa bado anamfuta, anamwita bibi mdogo, mchokozi, mwenye nyumba, aliposikia sauti ya daktari imebadilika.

"Mama, kizazi hakijikunji. Damu inatoka nyingi."

Daktari alikuwa kijana mtulivu. Alichoma sindano, akakanda tumbo, akaagiza maji ya mshipani, akachoma tena. Shuka ilizidi kulowa. "Nahitaji damu," akasema bila kuinua macho. "Sasa hivi, mama, tusichelewe."

Hakuna aliyewahi kumwona Jemedari akikimbia. Siku hiyo walimwona. Alitoka mbio mpaka uani, akashika nondo, akaigonga ile rimu mpaka mkono ukafa ganzi. Na mtaa haukumwangusha. Walikuja wengi kuliko siku zote, kwa sababu walijua ni nani aliye ndani. Ua ukajaa watu waliokunja mikono ya nguo.

"Mwashi yuko wapi?" Matroni akauliza.

Mke wa mwashi akajitokeza. "Amepata kibarua mbali, mama. Ameondoka wiki iliyopita."

"Fundi cherehani?"

Huyo alikuwepo, ila ameshikwa huku na huku na wanawe, anatetemeka kwa homa ya malaria. "Nitoeni hivi hivi," akasema. "Nitoeni, Matroni, nitapona tu." Bwana Tone akamgusa shavu, akatikisa kichwa.

Matroni akautazama ua ule. Watu wote wale wamekuja kwa ajili yake, mishipa imewatutumka mikononi, na hapakuwa na hata mmoja wa kumsaidia mwanawe. Ni yeye aliyemzuia binti asiende makao makuu. Hakuwa na wa kumlaumu, na hakujaribu kumtafuta.

Akaenda kwenye simu.

"Makao makuu," ikasema sauti ya yule dada. "Nani mwenzangu?"

Jina la zamani lilimjia mdomoni, akalimeza. "Tawi la Tisa," akasema. "Hapa ni Tawi la Tisa. Nina mzazi anavuja damu. O hasi. Tafadhali, mwanangu."

Dada yule hakuuliza kwa nini leo namba haijakosewa. "Hapa tuna chupa moja tu, nyingine zimetumika asubuhi. Inaondoka sasa hivi. Usikate, mama, naunganisha matawi yote."

Kukawa na mlio mdogo, kisha simu ikawa kama imefunguka ndani na kuwa na vyumba. Matroni akaanza kusikia. Mahali fulani mtoto alikuwa akilia. Mahali pengine mvua ilikuwa inapiga bati, na hapa kwao jua lilikuwa kali. Sauti zikaanza kuitika, moja baada ya nyingine, sauti za watu asiowajua.

"Tawi la Pili, tunaangalia kwenye jokofu."

"Tawi la Saba, hatuna, ila dereva wetu yuko tayari."

"Hapa mlimani. Tunayo moja. Pikipiki inawaka."

"Tawi la Tano. Tuna mwalimu mwenye damu hiyo, shule iko ng'ambo ya barabara. Nesi ameshatoka kumwita."

Matroni akaibana simu sikioni. Alikuwa amedhani huko ng'ambo kuna ofisi, na ndani ya ofisi mkurugenzi, na nyuma ya mkurugenzi kabati. Kumbe kulikuwa na wodi kama yake, na wanawake wenye viatu vya raba kama vyake, wanaopiga mbio kwenye korido ambazo hatazikanyaga maisha yake yote. Hakuna aliyeuliza mgonjwa ni nani wala mtoto wa nani. Walisikia tu Tawi la Tisa, wakainuka.

Kisha sauti moja nzito, ya mwanamke mtu mzima, ikasema, "Tawi la Pili. Tumepata moja, inakuja. Hebu ngoja. Jemedari, ni wewe?"

Alikuwa mkunga wa hospitali ya reli. Walisoma pamoja ujanani, wakanuniana tangu yule mwenzake alipokubali kuingia kwenye muungano.

"Ni mimi," akasema Matroni. "Dada, ni binti yangu."

Upande wa pili mkunga akasikika akimhimiza dereva akimbie.

"Basi mshike mkono," mkunga akasema. "Sisi tuko njiani."

Akarudi kwa binti. Midomo ya binti ilikuwa imepauka, na daktari alikuwa bado amekandamiza tumbo kwa mikono miwili, jasho linamdondoka puani. Matroni akamshika mwanawe mkono, akawa anasema maneno yasiyo na mpango, anamtania, anamkaripia, anamwita jina la utotoni. Wa kwanza kufika alikuwa wa pikipiki kutoka mlimani, ameroa chapachapa, amelikumbatia boksi jekundu. Likafuata gari la makao makuu, kisha la reli, kisha la Tawi la Tano, na chupa bado ina joto la mwalimu. Bwana Tone alipima na kulinganisha. Damu ikaanza kushuka kwenye mrija.

Jioni ilipokaribia, kizazi kikajikunja, damu ikakatika. Binti akafungua macho, akauliza, "Mtoto kafanana na nani?"

"Na mimi," akasema Matroni, na hapo ndipo alipolia, waziwazi, mbele ya kila mtu.

Nje, ua ulikuwa bado umejaa. Dereva wa makao makuu alikuwa anafunga boksi lake tupu arudi, na muuza nyanya akamzuia. "Wewe, unaondoka hivyo hivyo? Na sisi tumekunja mashati kwa ajili ya nani?" Foleni ikapangwa mlangoni kwa Bwana Tone kama zamani. Maboksi yote yakarudi na uzito, damu ikapimwe zaidi huko mbele na kupewa watu wasiojulikana. Matroni alisimama langoni, chini ya kibao cha buluu, akatazama magari yakiachana njia panda, kila moja na upande wake. Alikuwa na hofu ile tamu ya mtu aliyeoneshwa kitu kikubwa kuliko alivyokadiria.

Wiki chache baadaye, akiwa amempakata mjukuu huku mama mtu akila, simu ikalia.

"Tawi la Tisa," akasema Matroni.

Upande wa pili dada akasita kidogo, labda kwa mazoea. "Mama, kuna mtoto kule mlimani ameanguka, atafanyiwa upasuaji. Akiba imeisha kila mahali." Akashusha sauti. "Ile kengele yenu bado ipo?"

"Ipo."

"Mkurugenzi anasema igongwe."

Matroni akamkabidhi binti mtoto wake, akatoka uani, akashika nondo. Muuza nyanya ndiye aliyefika wa kwanza, anahema, mkono wa gauni umeshapanda begani.

"Nani tena, Matroni?"

"Mtoto wetu."

"Mtoto wetu yupi? Wa nani?"

"Nimesema wetu," akajibu Matroni, akaendelea kugonga.